Damalie Nafula Ecodu (1951–2026): Muuguzi Aliyekataa Wazee Wafungiwe

Marehemu Damalie Nafula Ecodu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Lumino, Busia upande wa Uganda, mtoto wa tatu wa marehemu Yokana Mugeni na marehemu Loy Auma. Alikuwa mbishi, na wasifu huu hautamgeuza mpole kwa sababu tu amelala.

Alisoma shule ya msingi Lumino, kisha sekondari Busia ya Kenya, alikokaa kwa shangazi yake. Alihitimu uuguzi mwaka 1974, akahudumu katika wodi za Tororo hadi alipostaafu mwaka 2011.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa kanisani na John Paul Ecodu, mkulima wa hapa Mukuju, aliyemtangulia mwaka 2014. Walijaliwa watoto watatu.

Kazi ambayo wengi mnamjua nayo ilianzia kwenye kifo cha mama yake. Bi Loy alipozeeka alisahau majina ya wanawe, akawa anapotea njia ya kisimani. Majirani walisema ni mchawi. Ndugu waliona aibu, wakawa wanamfungia chumba cha nyuma kila wageni walipokuja. Alifia humo mwaka 2004. Damalie alipofika kutoka kazini, kufuli lilikuwa bado mlangoni.

Mwaka 2012, kwenye kipande cha shamba alichopewa na mumewe, alifungua kituo cha afya cha wazee. Baadaye walikuja watafiti wa chuo kikuu kuchunguza jinsi ubongo unavyozeeka. Walileta mtihani wa kumbukumbu ulioandikwa mbali na hapa. Swali moja liliuliza: uko nchi gani? Mzee Bwire, mchuuzi wa samaki, alijibu, "Asubuhi nilikuwa Kenya. Saa hii niko Uganda. Jioni sijui, itategemea samaki." Damalie, aliyekuwa akiwasaidia watafiti kusahihisha, alimpa sifuri. Jioni alimkuta sokoni Busia akibadilisha shilingi za nchi mbili kichwani bila kukosea. Kesho yake alilifuta swali lile mbele ya watafiti, akasema, "Sifuri ni yangu, si ya mzee."

Mwaka 2022 alianza kusahau yeye mwenyewe. Aliomba apimwe katika kituo chake, akaambiwa ukweli, akaketi kwenye benchi la mbele pamoja na wagonjwa wake. Wageni walipokuja hakuingia ndani. Akiwa angali na akili zake, aliitisha kikao cha ukoo, akatangaza kwamba akifa, ubongo wake utolewe, upewe watafiti.

Shemeji yake, Mzee Isaac Ecodu, alisimama. "Hapa hatuzikangi mtu nusu. Mababu watamjuaje?"

"Shemeji," Damalie alimjibu, "kidole chako cha mguu kilibaki hospitali kwa sababu ya sukari. Wewe ni mtu nusu?"

Watu walicheka. Mzee Isaac hakucheka.

"Mama yangu aliitwa mchawi na hakuna aliyeangalia," Damalie aliendelea. "Mimi nataka waangalie. Wakikuta uchawi, waandike uchawi."

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Februari 2026, saa nne asubuhi, kwenye kitanda cha kituo chake, mlango ukiwa wazi. Siku hiyo hiyo wazee wa ukoo waliagiza mwili uletwe nyumbani moja kwa moja. Binti yake mkubwa, Kate, aliwaambia, "Baba zangu, nawaheshimu. Lakini mama alisema mbele yenu, na mlisikia." Alilofanya Kate ndilo mama yake alilotaka. Wanaonong'ona hapa kaburini wasihangaike: limefanyika, na hatuombi radhi.

Mwili ulipofika jana, Mzee Isaac aliomba jeneza lifunguliwe. Alimtazama kwa muda mrefu, akamwekea sawa kitambaa cha kichwani. Kisha akasema, "Ni shemeji yangu. Mababu watamjua."

Ameacha watoto: Kate, Nashon na Winfred, wajukuu tisa, dada yake Mildred wa Busia, shemeji yake Mzee Isaac, na wazee wa kituo, ambao leo wameketi mstari wa mbele. Yeyote atakayethubutu kuwarudisha chumba cha nyuma ajue kwamba Damalie ameacha watu.

Mwili wake upumzike kwa amani. Ubongo wake bado uko kazini.