Sauti ya Pili ya Denzil Estep

Ndugu waombolezaji, majirani wa bonde hili la Lick Fork, na nyinyi mliosafiri kutoka Ohio na Michigan, mimi ni Verlin, kaka yake marehemu, na Twila, binti yake, ndiye aliyenipa kazi hii, nikamwambia sifai, akanijibu, "Baba mkubwa, usinitanie, amebaki nani mwingine?", basi nimesimama, na nina neno nililomficha marehemu kwa miaka thelathini, ambalo lazima nilitoe kabla hatujamfukia.

Marehemu Denzil Ray Estep alizaliwa hapa Lick Fork, Kentucky, tarehe 14 Machi 1936, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Corbin Estep na mama yetu Nola, mimi nikiwa nimemtangulia kwa miaka mitatu. Alisoma katika shule ya chumba kimoja pale kijitoni hadi darasa la nane, mwaka 1950, akaacha, maana kichwa chake kilikuwa kwenye gitaa na mwalimu alishachoka kukifuata huko.

Kanisani kwetu, kama mjuavyo, ala za muziki haziingii, baba alivuta mstari, yaani alitangulia kuuimba peke yake, na waumini wakaufuata, ndiko tulikojifunza kuimba, lakini gitaa tulifundishwa na mzee Amos Tolliver, mchimbaji mweusi wa kambi ya chini, aliyetuonyesha jinsi dole gumba linavyotembea peke yake huku vidole vingine vikicheza. Mwaka 1951 tukaanza kuimba redioni kila Jumamosi saa sita mchana, mimi nikishika wimbo wenyewe, Denzil akipanda juu yangu kwa sauti ya pili, nyembamba, ya puani, na mama akasema, "Huyu analia kama bawaba kavu, lakini ole wake atakayeitia mafuta!"

Mwaka 1954 marehemu aliajiriwa katika mgodi wa makaa, akafanya kazi humo miaka thelathini na miwili. Mimi Februari 1956 nilienda Memphis, kwa sababu vijana walikuwa wameanza kuuchezesha muziki wetu kwa kasi, besi inapigwa makofi, magoti yanatetemeka, nami nikatamani, na bwana mwenye studio akaniambia niache mambo ya ndugu wawili na kipaza sauti kimoja, hayo ya kizee, nikamwitikia ndiyo bwana, ingawa hilo dole gumba walilokuwa wakiliita jipya nililijua kutoka kibarazani kwa mzee Amos. Nilimwahidi Denzil nitarudi mwezi wa tano. Nilitoa santuri moja, haikununuliwa na mtu, nikaona aibu kurudi, nikaenda Detroit kufunga milango ya magari kiwandani.

Marehemu alifunga ndoa na Oma Jean Pratt tarehe 7 Juni 1958, wakajaliwa mtoto mmoja, Twila, na Oma Jean akatangulia mwaka 2001. Watu wengi walimwomba Denzil aimbe nao, akakataa, lakini kila Jumapili ya mwisho ya Mei, siku yetu ya kupamba makaburi, alisimama mbele ya kaburi la mama akaimba sauti ya pili peke yake, wimbo wenyewe haupo, na wageni wakanong'ona, "Maskini, mzee amepotea njia," wakati hakupotea hata kidogo, alikuwa ananiachia nafasi yangu.

Mei 1979 nilikuja, nikamsikia, akanigeukia na kuniambia, "Ingia, kaka, mbona unasimama kama mgeni?" Nami nikashika shingo nikamwambia koo limeharibika kiwandani, daktari amenikataza kuimba. Twila, usinitazame hivyo, mwanangu. Nilimdanganya, niliona haya mbele za watu, na nilimwonea wivu, kwa sababu yeye alibaki na wimbo na mimi niliukana kwa ajili ya santuri isiyouzika. Denzil aliniamini, akanihurumia, na tangu hapo kila mwezi wa kumi aliniletea kwa posta chupa ya asali aliyoichemsha na majani ya dawa ya koo, mwaka hadi mwaka, nami niliinywa huku nikiimba garini kila asubuhi, madirisha yamefungwa.

Mwaka 2003 madaktari walikuta mapafu yake yamejaa vumbi la makaa, akaanza kutumia mtungi wa oksijeni, na mwezi uliopita akalazwa. Nilifika tarehe 12 Mei, hakuwa na pumzi ya kumaliza sentensi, lakini alivuta barakoa pembeni akaniuliza, "Koo... lako... vipi, kaka?" Nikamjibu, "Linapata nafuu kidogo." Jamani, hayo ndiyo niliyomwambia. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Mei 2009, saa tisa alasiri, mimi nikiwa mkahawani nanywa kahawa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, chama cha wachimbaji kilicholipia mitungi, majirani mlioleta maharage na mkate wa mahindi hadi meza ikakosa nafasi, na wenzake wa mgodini waliochimba kaburi hili kwa mikono yao, wengine nao wakihema. Sasa ndugu Hobart wa kanisani kwetu atavuta mstari na sisi tutaufuata, nami nitaimba, tena kwa nguvu, na atakayeshangaa ashangae.

Koo langu ni zima, Denzil. Lilikuwa zima siku zote. Nisamehe, mdogo wangu, upumzike kwa amani.