Chiriku Alisemaje?

Benchi limeegemea ukuta kati ya lango la hospitali na duka la kutoa kopi, na limekaliwa mpaka ubao wa katikati umebonyea. Asubuhi huwakosi wenyewe: Dakika, fundi saa, mtu mzima ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati, Wembe, kinyozi, ambaye mdomo wake unakata kuliko mashine yake, na Buli, muuza kahawa, anayenogewa na maneno mpaka anasahau kumimina. Siku hiyo alikuwapo pia nesi wanayemwita Zamu. Alikuwa ametoka kukesha wodini, viatu kavivua, nyayo kazibandika kwenye saruji ya baridi, na mapajani ana karatasi zilizochafuka wino mwekundu. Zamu alikuwa akijisomesha chuo cha jioni, na kazi ile ilikuwa imeshakataliwa mara moja. Alitakiwa kuirudisha saa kumi jioni siku hiyohiyo. Ikikataliwa tena, utafiti wake ungesubiri mwaka mwingine, na yeye hakuwa na mwaka mwingine wa kukesha usiku na kusoma jioni. Kope zilikuwa zikijifunga zenyewe.

— Hebu tuambie, sista, Wembe alianza. Hicho kinachokutoa roho ni kitu gani?

— Bibliografia yenye maelezo. Unaorodhesha vitabu na makala ulizosoma kwa ajili ya utafiti, halafu chini ya kila kimoja unaandika maneno machache: kinasema nini, kina uzito gani, kitakusaidia wapi.

— Basi?

— Basi, alisema Zamu, akapiga mwayo uliomtoa machozi.

— Sasa hapo kigumu kiko wapi? Haraka haraka haina baraka, andika upesi umalize!

— Wembe, hiyo methali umeipanda kinyumenyume, Dakika alimwambia.

— Mradi imefika.

Zamu akawasomea maneno ya mwalimu, yale mekundu: “Umeniambia kila mmoja amesema nini. Hujaniambia unamwamini nani, na kwa nini.”

Dakika akakohoa, kikohozi cha mtu mwenye nadharia.

— Mimi nitakwambia siri ya hiyo orodha. Ni mashahidi. Utafiti ukiharibika, husemi nimekosea mimi. Unasema, kamateni huyu, na yule, na yule wa ukurasa wa pili.

— Acha zako, mzee, Wembe alimkata. Ukweli ni kwamba mwalimu mwenyewe hajavisoma. Vitabu vinene, macho yamechoka. Anawasomesha wanafunzi, wanamfupishia, anakusanya. Kesho anatoa kitabu chake. Kuku wa maskini hatagi, ndiyo maana!

— Kuku kaingiaje hapo?

— Kwa miguu yake.

— Nyote hamjui kitu, alisema Buli, birika limening'inia hewani na kikombe cha Zamu kitupu. Nimesikia kuna ofisi huko. Jina la mwandishi likitajwa tu, kengele inalia. Ukimtaja vibaya, inalia mara mbili. Wanakaa kikao, wanakujadili.

— Hata waliokufa?

— Hao ndio wakali zaidi.

Zamu alicheka, lakini kicheko kikaishia njiani. Alitamani kulala palepale, kichwa ukutani, awaache wamalize dunia. Akasogeza kikombe mbele kumkumbusha Buli.

— Lakini utafiti wenyewe unahusu nini? Dakika aliuliza, sauti imeshuka.

— Uchovu. Nesi akiunganisha zamu mbili, anakuwa mtu wa namna gani kufikia alfajiri.

— Hiyo ni habari ya Chiriku, alisema Wembe.

Wote walimjua. Chiriku alikuwa akifanya kazi wodi moja na Zamu, na kwenye benchi hili alikaa sana, akiongea mfululizo mpaka Wembe akawa hapati pa kuchomeka neno. Asubuhi moja, akiwa amekesha na kuunganisha, alimpa mgonjwa dawa ya mwenzake wa kitanda cha jirani. Mgonjwa alipona. Kazi ya Chiriku haikupona. Tangu hapo wengine walisema alikuwa amesinzia, wengine walisema alikuwa akiongea na simu, na uongozi ukasema uzembe, ukafunga faili.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa pembeni ya benchi akingoja kopi zake, kwa kuwa mashine ya dukani ilikuwa imetafuna karatasi. Shingoni alining'iniza utepe wa kupimia; mshonaji.

— Samahani, alisema. Huyo dada mwenyewe alisemaje?

— Alisema nini kuhusu nini? Wembe aliuliza.

— Kuhusu siku hiyo.

Dakika akaangalia saa yake, ambayo ilikuwa imesimama. Buli akamtazama Zamu, na Zamu akatazama karatasi zake. Humo mlikuwa na watafiti wa mbali waliohesabu usingizi wa manesi wasiowajua, na Zamu alikuwa amewafupisha wote vizuri. Alijua wamesema nini. Alichokijua kuhusu Chiriku ni walichosema watu.

Mashine ikaanza kunguruma tena dukani. Mshonaji akachukua kopi zake, akaaga, akaenda.

Zamu alitoa simu. Jina la Chiriku lilikuwa bado lipo. Ikaita sana, akawa karibu kukata.

— Nani?

Sauti ilikuwa yake, lakini haikuwa na ule mwendo wa ndege aliyempa jina.

— Mimi. Mwenzio wa wodini.

— Mmekosa nini tena?

— Hatujakosa kitu, dada. Nataka unisimulie ile siku. Yote, kwa mdomo wako.

Akasikia pumzi ndefu upande wa pili, na mahali fulani mlango ukifungwa.

— Ni ndefu, Chiriku alisema. Una muda?

Buli aliinamisha birika juu ya kikombe, likatoa matone na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha. Zamu akageuza karatasi upande mweupe, akatafuta kalamu.

— Ninao, alisema, ingawa hakuwa nao.