Laban Ndunda na Zile Dakika Tano

Bwana asifiwe, Mchungaji, wafiwa wote na majirani wa Kathiani. Mimi ni Kimeu, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome wasifu wake.

Laban Ndunda alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 hapa Kathiani, kifungua mimba wa Mzee Kimanzi na mama Nthenya, akamaliza kidato cha nne mjini Machakos mwaka wa 1980, na mwaka wa 1983 akaajiriwa kupakia mizigo ya ndege katika uwanja wa Wilson, Nairobi, alikofanya kazi hadi kustaafu mwaka wa 2021.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na Mutanu, wakajaliwa binti mmoja, Katunge, tarehe 2 Juni 1994, ambaye leo ni rubani. Ndugu yangu alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni, lakini mtoto alipoanza kurusha ndege, wasiwasi wenyewe ukapata kazi ya kudumu.

Mwaka wa 2019 Katunge alitumwa kuhamisha ndege tupu kutoka Wilson hadi uwanja mkubwa wa JKIA, viwanja vilivyoachana kilomita kumi na tatu hivi, mwendo wa dakika tano angani, na Laban, aliyekuwa zamu, akaiona ikipaa, akazihesabu zile tano, simu kimya, kumbe binti ameambiwa azunguke kando mpaka ndege kubwa zitue, na alipopiga hatimaye, baba yake alikuwa amekaa chini kwenye lami. Tangu hapo, Katunge akiwa angani, hakuna aliyegusa chakula nyumba ile mpaka aseme amefika, na mimi mwenyewe nimeshatazama muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, ukipoa mbele yangu huku nikinung'unika.

Februari mwaka huu moyo wake ulianza kumsumbua, akalazwa Machakos. Asubuhi ya tarehe 6 Mei Katunge alikuwa na safari ileile fupi, kisha aje hospitalini, na baba akawa anauliza, "Amefika?", Mutanu anajibu bado, anauliza tena, mpaka hali ikabadilika, madaktari wakamtoa Mutanu nje ya wodi, na simu ya Katunge ikalia akiwa huko nje, akarudi mbio na habari njema, akakuta mumewe ameshafunikwa shuka.

Katunge hajala chakula cha maana tangu siku hiyo. Juzi aliniambia, "Baba mdogo, baba alienda akijua nimeanguka." Hata sasa naogopa kumtazama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchotea maji na kukesha nasi, na wenzake wa Wilson waliolibeba jeneza hili wenyewe.

Kabla halijashushwa, Katunge ameomba neno moja, nami nitamsemea. Laban, mtoto alifika. Yuko hapa mbele yako, ameshika mkono wa mama yake, na tukitoka kaburini tutakula naye. Nawe, ndugu yangu, pumzika kwa amani.