Fundi Anselmo Mapunda, Aliyesikiliza kwa Kiganja

Wapendwa waombolezaji, mliokusanyika hapa Msamala mbele za Mungu aonaye sirini, familia inawaomba mpokee maisha ya ndugu yetu kama alivyoyaishi, ukali wake pamoja na huruma yake.

Marehemu Anselmo Hironimus Mapunda alizaliwa tarehe 12 Machi 1956 huko Madaba, mtoto wa kwanza wa Mzee Hironimus na Mama Brigita, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1964 hadi 1970, kisha akajifunza ufundi wa magari katika karakana ya misheni, akahitimu mwaka 1976. Tarehe 25 Juni 1983 alifunga ndoa takatifu na Ursula Haule, wakajaliwa watoto watatu, Aidan, Leticia na Dorine.

Mwaka 1991 alifungua gereji yake hapa Msamala, akajulikana kwa kutengeneza pikapu za zamani zinazogonga mbele, maana hakubadili kifaa chochote kabla ya kuinua gurudumu kwa jeki, kupenyeza nondo chini ya tairi, na kuweka kiganja kwenye kila kiungo wakati mwenzake akiinyanyua ile nondo, akisema kwamba sikio hudanganywa na kelele za bodi nzima, lakini kiganja hufika penye kosa lenyewe.

Mwezi Agosti 2019 mdogo wake, Beda, alimletea pikapu yake ibadilishwe shokomzoba, naye marehemu alipoipima akamwambia kwamba shokomzoba hazina hatia, ila boljointi ya chini, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu, upande wa kushoto, imekwisha, na siku itakapochomoka gurudumu litalala chini pamoja na abiria anaowapeleka Madaba. Beda alidai anaongezewa kazi, marehemu akatia funguo za pikapu mfukoni ili isiendeshwe, akaenda Misa, na Beda akaliondoa gari kwa funguo za akiba. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, hata kanisani walipoambiwa wapeane amani kila mmoja aligeukia benchi la nyuma, na kila pikapu ile ilipopita ikigonga, marehemu aliacha spana akafanya ishara ya msalaba, kwa hofu ya damu ya ndugu yake.

Mwaka 2024 marehemu alianza kuugua figo. Jumapili ya tarehe 19 Oktoba 2025, akiwa kitandani, aliusikia mlio ule ukisimama mlangoni, na Beda alipoingia na shikamoo yake, akiwa amekwisha badili shokomzoba mara tatu bila nafuu, marehemu aliitikia marahaba, kisha akaomba abebwe kwa kiti hadi uani. Mama Ursula alipomkumbusha kuwa ni Jumapili, alijibu kwamba hata ng'ombe akitumbukia kisimani hutolewa siku ya Bwana. Aidan akainua gurudumu na kushika nondo, marehemu akakipapasa kiungo, kisha akauchukua mkono wa Beda na kuuweka pale pale, kama Tomaso alivyoalikwa kugusa jeraha. Beda akasema kumbe inacheza, naye akamjibu kwamba ilianza kucheza siku walipoacha kusalimiana, wakacheka, kisha wakalia, na kila mmoja akamwomba mwenzake msamaha. Boljointi ilibadilishwa jioni ile na Aidan, baba yake akiwa ameketi kando.

Marehemu alipokea sakramenti za mwisho, akafariki hospitalini Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, alfajiri.

Enyi ndugu mliosimama hapa bila kusalimiana, msingoje kiti cha mgonjwa, kwa maana Bwana hukataa sadaka ya mtu aliyemwacha nduguye nje ya lango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Msamala, mafundi wenzake na jumuiya yetu ndogo ndogo. Pikapu iliyomleta kutoka hospitali ni ile ile, Beda mwenyewe akiendesha, nanyi mliosimama barabarani mmesikia matairi tu juu ya changarawe, hakuna kinachogonga.

Pumzika, Anselmo, kwa amani uliyoitengeneza kwa mkono wako.