Krivoš Alipokwenda Kukaa Benchi la Wapinzani

Nyuma ya ukumbi wa barafu wa Jelenica, pale mitambo inapotolea joto lake ukutani, pana benchi ambalo halmashauri ililiweka kwa ajili ya wagonjwa wa zahanati ya jirani. Hakuna mgonjwa aliyewahi kupata nafasi. Tarumbeta hufika wa kwanza, kisha Profesa, kisha Kinoo, akitokea kwenye chumba chake cha kunolea na vumbi la chuma kwenye nyusi, na Mama Otília huwasukumia kahawa kupitia dirisha la kibanda chake, bilauri tatu, unga wa kahawa bado unaelea juu. Siku za kawaida hubishana mpaka unga utuame. Jumanne ile ya mwezi Machi unga ulituama, kahawa ikapoa, na hakuna aliyekunywa, maana saa kumi na moja jioni timu ya Jelenica ya mpira wa magongo wa barafuni ilikuwa inacheza mechi ya saba na ya mwisho ya kunusuru daraja. Ushindi ulikuwa tatu kwa tatu. Atakayefungwa anashuka.

Na kulikuwa na lile jambo la Jumamosi.

— Mimi nauliza tu, — alisema Tarumbeta. Jina lake ni Lojzo, na kwa miaka ishirini na mbili amepuliza tarumbeta jukwaani mpaka midomo ikaota sugu. — Kapteni wa timu, mtu mzima, miaka thelathini na saba, anatoka barafuni kupumzika, anakwenda kukaa benchi la wapinzani. Anakaa! Anachukua chupa yao ya maji, anakunywa! Ile ilikuwa nini?

— Dharau, — alisema Profesa, aliyefundisha kemia mpaka wakamstaafisha. — Aliwaambia hivi: hata maji yenu ni yangu.

— Mbona hakucheka?

— Dharau ya kweli haicheki, bwana. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Inaingiaje hapo?

— Ifikirie, itaingia.

Kinoo alikuwa anaizungusha bilauri yake bila kuinyanyua. Miaka thelathini na moja amenoa viatu vya barafu ndani ya ukumbi ule, ndiyo maana hakuna anayekumbuka kwamba aliitwa Vendelín. Viatu vya kapteni huyo, Ctibor Krivoš, alivinoa tangu mwenye viatu akiwa na miaka saba. Alivinoa alipoitwa kikosi cha wakubwa kabla ndevu hazijaota, na alipokwenda Ufini miaka minne, kisha Ujerumani mitano, kila likizo alirudi navyo begani, kwa kuwa alisema huko nje hawajui kunoa, wanakwangua tu. Meno manne aliyaacha huko. Goti moja lilirudi limeshonwa. Magharibi walipomchoka akarudi nyumbani, akapewa ukapteni, na kwa miaka sita mji mzima umelala usingizi kwa sababu yeye anakaa beki.

— Hapana, — alisema Tarumbeta. — Kasaini nao. Amezoea kabisa kwamba msimu ujao atakaa pale, mwili ukamtangulia.

— Kasaini na timu inayochungulia kaburi kama sisi?

— Nani kasema mapenzi yana macho?

— Amonia, — alisema Profesa, akashusha sauti. — Mitambo yote ya barafu hii inaendeshwa na amonia. Inavuja kidogo kidogo. Mtu ameivuta tangu utoto. Siku moja lazima ubongo useme basi.

Kinoo alishtuka, kahawa ikamwagika kidogo kwenye vidole.

— Basi Kinoo angekuwa kichaa siku nyingi, — alisema Mama Otília kutoka dirishani.

— Na nani kasema si kichaa?

Walicheka, lakini kicheko kilikatika upesi. Tarumbeta akajisogeza mbele.

— Nisikilizeni. Yule si Krivoš.

— Toka hapa!

— Si Krivoš! Ana pacha. Aliyekwenda Ufini ni mmoja, aliyerudi ni mwingine. Nani alimkagua? Mnaona anavyotazama siku hizi? Juzi nimempungia mkono toka mita tano, ananiangalia kama ananisoma herufi kwa herufi. Haba na haba hujaza kibaba, jamani.

— Kinoo, — alisema Profesa. — Wewe ndiye unayemshika miguu. Sema neno.

— Viatu vyake viko sawa.

— Hatujauliza viatu.

— Mimi ninachojua ni viatu.

Alikuwa anajua zaidi. Wiki mbili nyuma, asubuhi, Krivoš alimletea viatu, akatania kuhusu jiwe lake bovu, akangoja, akaondoka navyo. Kabla ya saa sita mchana akarudi na viatu vilevile, vyenye makali mapya yanayometameta, na utani uleule, neno kwa neno. Kinoo alimwambia, mwanangu, hivi umeshavileta leo. Krivoš alikaa juu ya ndoo. Akamweleza kwamba tangu alipobanwa ukutani mwezi Januari, akagonga kichwa, siku nyingine zinakuja na mashimo, na kwamba daktari wa timu akimuuliza anajibu salama, na daktari ni mgeni hapa, anaamini. Akamshika mkono wa shati. — Mjomba, niapie. Nimalize msimu tu. — Kinoo akamwapia kwa jina la Matilda, mke wake marehemu. Tangu siku ile halali vizuri, na Jumamosi, alipomwona kapteni ameketi katikati ya watu wenye jezi nyingine, alijua ni shimo jingine.

— Huyo anakuja, — alisema Mama Otília.

Krivoš alikata kona na begi begani, shingo nene, pua iliyovunjika mara tatu na kunyooshwa mara mbili.

— Wazee wangu! Mmeshanihukumu au bado mnasikiliza mashahidi?

— Shahidi ni wewe, — alisema Tarumbeta, uso umemng'aa. — Jumamosi ulifuata nini kwenye benchi lao?

— Kiu.

Wakaangua kicheko, hata Profesa akajipiga paja. Lilikuwa jibu zuri, na Kinoo peke yake alijua kwamba liliandaliwa, kama mtoto anavyoandaa shairi la kusoma mbele ya darasa. Akampa viatu. Krivoš alipitisha ukucha kwenye makali, akaridhika, akampiga Tarumbeta begani kwa upendo.

— Na mama, Lojzo? Ule mguu wake unaendeleaje?

Mama yake Tarumbeta walimzika Januari, wiki ya pili, siku ya theluji hadi magotini. Krivoš ndiye aliyeshika jeneza upande wa kushoto, mbele. Aliteleza njiani akapiga goti, lakini jeneza hakuliachia.

Tarumbeta aliweka bilauri yake chini.

— Anaendelea, — alisema. — Anaendelea vizuri.

— Msalimie sana.

Akaingia ndani. Mlango ulijifunga polepole, kama kawaida yake.

Mitambo ilikuwa inanguruma ukutani. Mwishowe Tarumbeta alisema, bila kumtazama mtu:

— Mechi moja tu.

— Lojzo, — alisema Profesa.

— Mechi moja tu, jamani! Kesho mimi mwenyewe nampeleka hospitali, kwa gari langu. Tukishuka, ukumbi huu wataufunga, nyie mnajua. Mimi nina nini kingine sasa hivi? Mnitajie. — Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. — Mvumilivu hula mbivu.

Safari hii hakuna aliyeuliza inaingiaje.

— Na mimi Krivoš aliniambia hivyohivyo, — alisema Kinoo. — Nimalize tu. Wiki mbili sasa.

— Ulijua?

— Nilijua.

— Na ukakaa hapa ukinisikiliza mimi na mapacha wangu?

Kinoo aliinuka. Profesa alinyoosha mkono kama wa kumzuia, akaurudisha. Njia kutoka kwenye benchi mpaka chumba cha daktari ni hatua sitini, Kinoo ameipita maelfu ya mara, lakini siku ile ilimchukua muda, na mwisho wa ujia alimkuta Krivoš ameshafunga kiatu kimoja, amesimama.

— Mjomba, unakwenda wapi?

— Kwa daktari.

— Uliniapia.

— Niliapa.

— Kwa jina la Matilda!

— Nitakwenda kuongea naye mwenyewe, — alisema Kinoo. — Akinikasirikia, najua kaburi lake lilipo. Lako sitaki kulijua.

Krivoš alimkamata kola. Mkono ule uliwahi kung'oa watu wazima barafuni kama magugu, na Kinoo alihisi miguu yake ikiwa myepesi sakafuni. Kisha mkono ukalegea wenyewe, na Kinoo akagonga mlango.

— Daktari Hanzelová, muulize kapteni leo ni siku gani. Halafu toka nje kidogo, urudi, umuulize amekujibu nini.

Jioni ile Jelenica ilifungwa mbili kwa moja. Goli la pili lilipita mahali palepale ambapo Krivoš angesimama, na kila mtu ukumbini alipaona. Timu ikashuka. Mtu alimpakia Kinoo lami kwenye kitasa cha mlango, na kwenye duka la mikate waliacha kumsalimia. Tarumbeta hakuonekana siku tisa. Huko hospitali ya mji mkubwa walimpiga Krivoš picha za kichwa, wakamwonyesha, wakamwambia barafu basi, hata mazoezi, hata na watoto. Hakumpigia Kinoo simu.

Mwezi Aprili, theluji ikiwa imebaki kwenye vivuli tu, Krivoš alitokea kwenye benchi saa tatu asubuhi amevaa viatu vya kawaida. Alitembea kama mtu aliyekodi miguu. Walisogea, akakaa ukingoni, karibu na Kinoo, bila kumtazama. Mama Otília alitoa bilauri ya nne bila kuombwa.

— Sijakusamehe, — alisema Krivoš.

— Sawa, — alisema Kinoo.

Wakangoja unga utuame. Basi la kwenda kiwandani likapita. Mwanamke mmoja mwenye mguu uliofungwa bandeji alitoka zahanati, akaliangalia benchi, akaendelea na safari. Krivoš alikunywa funda moja, akakunja uso, akaweka bilauri chini katikati ya miguu yake. Aliinua macho kwenye saa ya ukumbi: saa tatu na dakika kumi.

— Hebu niambieni, — alisema, bila utani wowote. — Nyie huwa mnafanya nini mpaka jioni?

Profesa alifungua mdomo kutafuta methali. Tarumbeta alimtazama Kinoo, Kinoo akatazama mikono yake, na Mama Otília, aliyekuwa anafuta dirisha, akaacha kufuta ili asikie.