Kisiwa Chenye Gereza la Vyumba Viwili

Benchi letu liko kati ya kinyozi na duka la vocha, na lina sheria moja: karatasi ikifika hapa husomwa kwa sauti, sentensi moja moja, na hatuvuki sentensi mpaka tumeijadili ikakoma. Barua ya bintiye Fundi Cherehani ilikuwa na siku ya nne kwetu. Binti ni mkunga, amepata kazi ng'ambo, kwenye kisiwa kidogo kinachojitawala. Barua ya kumwita kazini ilifika kwa anwani ya baba yake, naye akaileta tuichambue kwanza. Mwenye barua akaambiwa asubiri. Mimi ndiye muuza kahawa, na kusema kweli nilikuwa upande wa yeyote aliyeagiza kikombe.

Msomaji alikuwa kinyozi, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— "Kisiwa kina wakazi elfu mbili, bunge lake, bendera yake na stempu zake."

— Elfu mbili tu? akadakia Wakili, muuza vocha aliyewahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi mara moja. Wengine wamepelekwa wapi?

— Wengine gani?

— Ndicho ninachouliza!

— Tulia, kaka. "Ulinzi na mambo ya nje viko chini ya nchi kubwa."

— Unaona? Unajitawala, halafu funguo za mlango anazo mwingine? Huko si kujitawala, ni kupanga chumba!

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akaguna Fundi.

— Sasa hiyo inahusu nini?

— Sijui. Naogopa tu.

— "Gereza lina vyumba viwili."

— Viwili! Pasipo na wezi jela, ujue wezi wako bungeni.

— "Kwa mwaka huzaliwa watoto kumi na wanane."

— Kumi na wanane, na wanaagiza mkunga? Hapo pana jambo, Fundi. Huyo binti yako anakwenda kuchunguzwa yeye!

— Na wahenga walisema vyaelea vimeundwa, Redio akaongeza. Kisiwa hicho kinachoelea baharini nani alikiunda? Kamba inayokifunga ikikatika, binti ataamkia nchi nyingine bila viza!

Fundi alikuwa ameshika kikombe muda wote bila kunywa. Nilimwonea huruma.

Binti akatokea, bado na sare ya kazini.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, mmeshafika upande wa nyuma?

Redio akaigeuza karatasi polepole. Nyuma palikuwa na mstari mmoja tu: jibu lifike kabla ya Ijumaa. Nasi tulikuwa tayari Jumamosi.

Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa pembeni mwa baba yake.

— Hebu niambieni, wazee wangu. Huko mlikuwa mnaogopa nini hasa?

Wakili akainama kufunga kamba za viatu. Redio, kwa mara ya kwanza, akazimika.

— Kwamba utapapenda, mwanangu, akasema Fundi.