Nilimwonea Wivu kwa Machozi Yake

Ndugu zangu, mama zangu, asanteni kwa kunipisha mbele nitoe ushuhuda wangu. Walio karibu na mlango wasogee kidogo, maana sauti yangu ni ndogo na leo sitaki kupiga kelele. Tena naomba msinipigie makofi mapema. Hamjajua bado ninachotaka kusema. Mkikijua, wengine mtataka kurudisha makofi yenu.

Mimi nafua. Wengi mnanijua kwa kazi hiyo. Nafua mashuka ya hospitali, hapa hapa Bunia, katika sehemu ile ya nyuma tunayoiita buanderi. Mashine iko moja na mara nyingi imelala, basi tunatumia mikono. Tunaloweka katika maji ya javel, ile dawa kali ya kutoa madoa, tunafua, tunasuuza, kisha tunakamua. Shuka zito likilowa huwezi kulikamua peke yako. Mmoja anashika mwisho huu, mwingine anashika ule, kila mmoja anageuza kwa upande wake mpaka maji yatoke. Yule unayekamua naye ni kama mume wa kazini. Wangu alikuwa mama mmoja wa Irumu, mnene, mwenye maneno. Nikilegeza mkono alikuwa akinipigia kelele, "Yaya, kamua! Hii shuka si bwana yako, usiiogope!"

Wote waliniita Yaya, dada mkubwa, hata walionizidi umri. Na kweli mimi ni mkubwa. Baba alikufa vitani nilipokuwa mtoto, mama akamfuata kwa ugonjwa kabla mwaka haujageuka. Tukabaki wanne, wa mwisho akiwa bado anabebwa mgongoni. Siku tuliyomzika mama, shangazi mmoja alinishika bega akaniambia, "Usilie. Sasa weye ndiye baba, weye ndiye mama. Batoto bakikuona unalia, balie mpaka wapi?"

Nikatii. Nikaacha shule katika darasa la tano, nikaanza kuwachotea watu maji, baadaye kuwafulia. Na kulia nako nikaacha.

Ndugu zangu, nawaambia, jambo hilo lilinipa jina. Walipoletwa majeruhi kutoka upande wa Djugu na mashuka yakatufikia mazito kwa damu, mimi ndiye niliyetia mkono wa kwanza. Wenzangu wakigeuza uso, mkubwa wetu wa buanderi, mama chefu, alikuwa akiwaambia, "Muangalie Yaya. Ule ni chuma." Sifa hiyo niliila kama bugali. Nilishiba nayo. Sikujua kwamba chuma hakiulizwi kama kimechoka.

Kisha akaja binti mmoja.

Alikuwa mkimbizi wa ndani, alitoka vijiji vya Djugu, akikaa na bibi yake katika kambi ya waliokimbia vita. Nyumba yao ilichomwa. Alipewa kazi kwetu, nasi tulimpokea vizuri, na mimi pia. Lakini siku moja liliingia lundo la mashuka ya majeruhi, akashika moja, akaliangalia, akakaa chini sakafuni. Akashindwa kusimama. Akalia kwa sauti hata watu wa wodini wakatoka kutazama.

Wote walimkimbilia. Mama chefu, ambaye sikuwahi kumwona akikaa mahali penye maji, alikaa palepale na gauni lake safi, akamkumbatia. Kesho yake akampeleka kwa mama wa kusikiliza. Hospitali yetu ina mama mmoja ambaye kazi yake ni kukaa na watu wenye mizigo moyoni. Kwanza alikuwa wa wagonjwa, halafu wakubwa wakasema hata wafanyakazi wanaweza kwenda. Tangu hapo kila juma yule binti alivua aproni yake saa za kazi, akaenda kwenye chumba kile, na sisi tukamalizia beseni lake.

Walipouliza nani atachukua beseni, nilisema, "Miye. Hakuna shida."

Shida ilikuwepo. Nilikuwa namtazama akienda, natazama hata kandambili zake. Alirudi uso umeoshwa, macho mepesi, kama mtu aliyetoka kulala mchana. Na alinukia chai. Ndugu zangu, chekeni tu, mimi niliichukia ile chai! Nilikuwa nasugua shuka na moyoni nasema, kumbe huko ndani wanampa chai. Mimi niliyewazika wawili, niliyelea watatu, nani alinipa hata kikombe cha maji? Huyu amelia mara moja, na nchi nzima imesimama.

Yule mama wa Irumu akaniambia siku moja tukikamua, "Yaya, leo kale kamutoto kamecheka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Aksanti Mungu."

"Amina," nikasema. Nikaligeuza shuka kwa nguvu kupita kiasi.

Wengine hudhani wivu ni wa mali, au wa mume. Mimi nilimwonea mtu wivu kwa sababu ya machozi yake. Nilitaka nianguke mimi. Nilikuwa najaribu hata kulia, nikiwa peke yangu kwenye kamba za kuanika, na machozi hayaji. Hapo ndipo chuki ilipozidi, kwamba hata hicho anakiweza kuliko mimi.

Mwili ukaanza kusema. Usingizi ulinikimbia. Niliamka meno yananiuma kwa kuyabana. Kazini nilisahau, nikamwaga javel juu ya nguo za kijani za chumba cha upasuaji, zikatoka na madoadoa kama chui. Nyumbani, mdogo wangu wa mwisho, ambaye yuko mwaka wa kumaliza shule, alirudi akilia kwa sababu rafiki yake alihamishwa. Nikamwambia, "Unalia nini? Nani amekufa?" Akanyamaza palepale. Niliijua ile namna ya kunyamaza. Ilikuwa yangu.

Sasa sikilizeni mahali nilipoharibikiwa. Kwetu buanderi saa sita tunakula sahani moja. Kila mtu analeta alichonacho, bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaushwa wa Tchomia, tunaviweka katikati. Wenzangu walikuwa wakisogeza kichwa cha samaki upande wa yule binti. "Kula, mutoto, uko mukondefu." Nikiona mkono wao ukisogeza, koo langu linafunga. Kweli linafunga, tonge halipiti. Nikasema nafunga kwa maombi. Juma lililofuata nikasema tena nafunga. Halafu sikusema kitu, nikawa nakaa pembeni juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Naona mnatazamana. Mnajua! Katika mji huu mtu akijitoa kwenye sahani ya wenzake bila sababu, watu hawaulizi kama ana huzuni. Wanauliza mambo mawili tu: anaogopa sumu yetu, au sumu ni yake?

Na yule binti akaumwa tumbo. Alihara mpaka akalazwa wodini. Basi, maneno yakaisha, hukumu ikatoka: Yaya amemroga. Mama wa Irumu nilimpa mwisho wa shuka asubuhi, akarudisha mikono nyuma.

"Yaya, unisamehe. Miye niko na batoto."

"Unaniogopa miye?"

"Sisemi kitu. Niko na batoto, ni hiyo tu."

Hakuna aliyelishika. Nikafunga mwisho wa shuka kwenye nguzo ya chuma, nikakamua peke yangu na nguzo. Nilifanya hivyo siku hiyo na siku zilizofuata. Mikono ilichubuka. Wenzangu walipita mbali na beseni langu kama linanuka.

Mama chefu akaniita. Alisema wakubwa wamesikia, kwamba buanderi haiwezi kufanya kazi na watu wanaoogopana, na Jumatatu nitaitwa ofisini. "Wanaweza kukutoa, Yaya. Sema kitu. Jitetee." Nilikuwa na nini cha kusema? Kwamba simrogi, namwonea wivu tu? Ni nani mwenye akili, hapa kwetu, anayesema neno hilo kwa mdomo wake? Nikarudi kwenye beseni langu. Nilikuwa nawaza mtihani wa mdogo wangu, na kwamba nyumba yetu ina mkono mmoja tu, huu.

Siku ya mwisho ya juma hilo, nikiwa na nguzo yangu, nikaona mtu anafungua fundo. Alikuwa yule binti, ametoka wodini, shingo nyembamba. Akashika mwisho wa shuka.

Mama wa Irumu akaruka. "We mutoto! Acha! Unataka kufa?"

Binti akamgeukia. "Kufa na nini? Miye nilikunywa maji ya mutoni. Bomba ya kambi ilikauka. Kambi nzima inahara, hata bibi yangu. Yaya alikuja kuroga kambi nzima? Na miguu gani, iko hapa kutoka asubuhi!"

Akaniangalia. "Yaya, geuza."

Shuka likaniponyoka likaanguka kwenye maji. Na maneno yakatoka, sikuyaita. Nilisema, "Usinionee huruma! Weye uko na mutu wa kukusikiliza. Uko na chai. Miye nani aliniuliza? Nilizika baba, nilizika mama, hii damu yote nimeifua, nani siku moja aliniuliza uko namna gani? Niko na wivu yako! Muandike, mupeleke ofisini. Niko na wivu ya huyu mutoto!"

Mtu mmoja alishika mdomo. Nilijua nimejimaliza.

Binti akaliokota shuka majini. Kisha akasema, polepole, kama anayetaka kuelewa vizuri, "Wivu ya miye? Yaya, nyumba yetu iliungua. Unataka nini ya kwangu? Hema? Ao bibi anayekoroma?"

Mmoja wa nyuma akacheka. Akacheka na mwingine. Nami kicheko kikanitoka, na kilipofika katikati kikageuka. Nililia, ndugu zangu. Nilikaa kwenye maji ya sabuni nikamlilia mama yangu kana kwamba jeneza liko pale. Mama wa Irumu akakaa karibu nami kwa kishindo, maji yakaturukia wote, akanishika kichwa. "Lia, Yaya. Miye ni mujinga. Lia."

Mama chefu alisimama mlangoni. Alisema neno ambalo sijalisahau. "Nilikuwa nakusifu kwa sababu sifa haina kazi. Kukuuliza ingekuwa kazi."

Jumatatu hakuniacha niende peke yangu ofisini. Alitangulia yeye, akaeleza maji ya kambi, akaeleza na yeye mwenyewe alivyoniacha. Nilibaki kazini. Kutoka ofisini alinipeleka moja kwa moja kwenye chumba kile. Na nikapewa chai. Ilikuwa imepoa, haina sukari. Nilitaka kumrudia binti nimwambie, ni hii?

Siku ya kwanza niliongea habari za mashuka tu. Mama wa kusikiliza hakunisukuma. Mara ya pili aliniuliza, "Siku ya kumzika mama yako, ulikula nini?" Nikakumbuka kwamba nilipikia waombolezaji wote, nikaosha vyombo, na sikula. Hakuna aliyeona. Tuliongea hilo majuma mengi. Daktari naye akanipima, akakuta damu yangu inapanda, akanipa dawa. Usingizi ulirudi kidogo kidogo, kama paka aliyepigwa.

Buanderi pia ilibadilika. Siku hizi tunabadilishana wa kukamua naye, ili kila mtu ashike na kila mtu. Yakiingia mashuka ya damu hakuna wa kwanza wa kudumu, tunapokezana, na tukimaliza tunakaa wote kabla ya kuendelea. Anayetaka kwenda chumba kile anasema "natoka", hatumuulizi. Na siku niliyorudi kwenye sahani, mama wa Irumu alikata tonge, akalichovya kwenye sombe, akalimeza mbele yangu, akapanua mikono. "Haya, nimekufa?"

Je, wivu umeisha? Sitawadanganya mahali pa sala. Juzi binti alichaguliwa kwenda kufundishwa kazi nyingine, na kitu kikanichoma palepale pa zamani. Nikamwambia, "Leo niko na wivu." Akaniuliza, "Kubwa ao kadogo?" Nikasema, "Kadogo." Tukaendelea kufua. Wivu ukisemwa unapungua mwili. Nilipouficha, ndipo uliponila.

Nawashukuru. Namshukuru yule binti, aliyeshika mwisho wa shuka wakati watu wazima waliogopa. Namshukuru mama wa Irumu, ambaye alikosea na akasema amekosea. Mama chefu, mama wa kusikiliza, daktari. Na mdogo wangu, niliyemwomba msamaha akaniambia, "Yaya, nilikuwa nadhani hunipendi nikilia."

Mlio wakubwa makazini, somo langu ni fupi. Mtu akianguka, mwinueni. Kisha geukeni mtazame waliobaki wamesimama, muwaulize na wao. Na ninyi wazaliwa wa kwanza, mlioambiwa msilie, aliyewaambia hivyo labda aliogopa tu. Hakuwa Mungu.

Kabla sijakaa, nina jambo moja. Katika kikundi chetu kuna mama ambaye kila Jumamosi anapanga viti hivi, anabeba watoto wa wenzake wakati wenzake wanatoa ushuhuda, anafagia sisi tukishaondoka. Hajawahi kusimama hapa. Tunamsifu sana. Sitaji jina lake, na simwombi asimame.

Mama, uko namna gani?

Ninyi wengine, tunyamaze. Tumsubiri ajibu.